“Tanzania, B. ya K.”: tathmini yangu ya Zotero baada ya miaka miwili na ushee

Barua ya mhariri ilikuwa fupi. Mswada wangu haukupelekwa kwa wahakiki. Ulirudishwa kwa sababu orodha ya marejeo haikufuata mtindo wa jarida. Mwishoni akaongeza swali: rejeo la 47, huyu mwandishi anayeitwa “Tanzania, B. ya K.” ni nani?

Nilikaa na swali hilo kibarazani kwangu Shangani mpaka adhana ya magharibi. Aliyekuwa anaulizwa ni Bodi ya Korosho Tanzania. Makao yake yako hapa hapa Mtwara, wakulima wa Tandahimba na Newala wanalijua jina lake kama wanavyolijua jina la kijiji chao, na mimi nimezisoma ripoti zake tangu nikiwa mwanafunzi. Sasa jina hilo limetoka kwenye mswada wangu likiwa limekatwakatwa, mpaka mtu wa mbali anauliza huyu ni nani. Iliniuma.

Mimi ni mtafiti wa magonjwa ya mimea. Miaka kumi na minne sasa kazi yangu ni mikorosho: ubwiriunga, blaiti, mnyauko. Mikorosho ikianza kutoa majani mapya na maua, na wakulima wakaanza kupuliza salfa, mimi ni mtu wa shambani, ofisini napita tu. Kuandika naandika usiku. Kwa hiyo chochote kinachonila usiku wangu nakipima, na hakuna kilichonila usiku mwingi kama marejeo. Nataka kuieleza Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeo iliyonitua mzigo huo, kwa undani ambao ningefurahi mtu angenieleza nilipokuwa naanza kuandika.

Lakini nianze na ilivyokuwa kabla yake, maana huduma ya kwanza niliyoilipia haikuwa ya kompyuta yangu.

Orodha ile niliipeleka steshenari. Mjini kuna maduka kadhaa yanayochapa barua, kutoa kopi, kufunga ripoti, na siku hizi kupanga marejeo ya wanafunzi. Bei ilikuwa shilingi 500 kwa rejeo moja. Nilikuwa nayo 62, nikalipa 31,000 nikaambiwa nirudi kesho yake jioni. Kijana aliyenihudumia ana adabu na ana kasi ya ajabu kwenye kibodi. Kanuni aliyokuwa nayo ni moja: neno la mwisho la jina litangulie, yaliyobaki yawe herufi za mwanzo na nukta. Akaitumia kwa watu, akaitumia kwa Bodi, akaitumia kwa Wizara ya Kilimo ikatoka “Kilimo, W. ya”. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ikawa “Takwimu, O. ya T. ya”. Majina ya kisayansi ya mimea na vimelea, ambayo lazima yawe kwa herufi za mlazo, yalisimama wima yote. Makala tatu zilikosa juzuu.

Simlaumu sana. Nilimpa karatasi, sikumpa makala zenyewe. Mtu anayepanga marejeo bila kuziona makala hana namna ya kujua ukurasa upi umekosewa, wala lipi ni jina la mtu na lipi ni jina la ukoo. Kwa kuchapa na kufunga ripoti duka lile ni zuri na bado naenda. Kwa marejeo ya jarida la sayansi, ndugu zangu, msipeleke huko.

Baada ya barua ya mhariri nikabadili jarida, nikaamua orodha niipange mwenyewe kwa mkono. Jarida la kwanza lilitaka jina la mwandishi na mwaka ndani ya sentensi. Mtindo huo wengi wanauita Harvard, na kwa kawaida asili yake inahesabiwa kuwa makala ya mwaka 1881 ya mwanazuolojia Edward Laurens Mark, aliyekuwa chuoni hapo. Jarida la pili lilitaka namba, yaani mtindo wa Vancouver, uliopata jina kutoka mji wa Kanada ambako wahariri wa majarida ya tiba walikutana mwaka 1978 wakakubaliana masharti ya pamoja ya miswada. Anayesoma haoni tofauti kubwa. Anayeandika anaiona usiku kucha, kwa sababu kwenye mtindo wa namba makala unayoitaja kwanza ndiyo 1, inayofuata ndiyo 2, na orodha ya mwisho inafuata safu hiyo hiyo.

Usiku wa tatu niliona kwamba aya moja ya mbinu za utafiti, ile ya namna tulivyopima ugonjwa kwenye vishada vya maua, inafaa isomwe mapema. Nikaihamisha kutoka ukurasa wa tisa kwenda wa nne. Ndani yake kulikuwa na rejeo 31. Kwa kuhamia mbele likawa 12. Basi 12 ya zamani ikawa 13, 13 ikawa 14, na kuendelea mpaka 30, ambayo ikawa 31. Nikazifuata moja moja kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi, halafu nikazirudia kwenye kompyuta. Saa nane za usiku nikakuta nina 22 mbili na 23 haipo. Nikajua kwamba mahali fulani katika kurasa kumi na nane, mtu mmoja amepewa maneno ambayo hakuyasema.

Hapo ndipo jambo hili lilipoacha kuwa la nukta na mkato kwangu. Rejeo ni haki ya mtu. Kuna mwenzangu alihesabu majani yenye ungaunga kwa msimu mzima juani, na malipo pekee anayoyapata kutoka kwangu ni jina lake kuandikwa sawasawa, pamoja na njia ya msomaji kumfikia. Nikikosea namba, nimempokonya huyu nikampa yule.

Asubuhi yake binti aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo akanikuta na zile karatasi.

“Shikamoo mama. Hukulala?”

“Marahaba mwanangu. Hizi namba.”

Akazipitia, akavuta kiti. “Mama, hii sisi chuoni tunafanya kwa Zotero. Niletee laptop yako.”

Zotero ni ya bure, na nasema bure kwa maana yake yote: hakuna kujaribu siku 30 halafu ulipe, hakuna namba ya kadi ya benki. Ilitoka mwaka 2006 katika kituo cha historia cha Chuo Kikuu cha George Mason, jimboni Virginia, Marekani, na leo inaendelezwa na shirika lisilotafuta faida. Jina lake limetokana na neno la Kialbania lenye maana ya kulimudu jambo. Ina sehemu tatu zinazosaidiana: programu yenyewe inayokaa kwenye kompyuta yako na kutunza maktaba yako, kitufe kinachokaa kwenye kivinjari cha intaneti, na kichupo kinachotokea ndani ya Word. Ukitumia LibreOffice au Google Docs badala ya Word, inafanya kazi huko pia.

Siku ile ya kwanza binti alinifundisha jambo moja tu, akaniacha. Juu ya dirisha la Zotero kuna kitufe chenye picha ya fimbo. Ukikibonyeza kinatokea kisanduku kidogo, na ndani yake unaandika DOI ya makala, ile namba inayoanza na 10 ambayo wachapishaji wa majarida huiandikisha ili kila makala iwe na anuani isiyobadilika. Kitabu unakiingiza kwa ISBN, namba ya utambulisho inayochapwa kwenye kitabu chenyewe. Nikachukua makala ya mwaka 1997 ya jarida la Crop Protection kuhusu uzalishaji wa korosho Tanzania. Ni makala ambayo sisi tunaofanya kazi ya korosho huku hatuwezi kuikwepa, na waandishi wake ni zaidi ya kumi. Nilikuwa nimeshaichapa kwa mkono mara nyingi mno, na kila mara nilikosea jina la mtu mmoja wao. Nikaingiza DOI, nikabonyeza. Majina yote yakashuka, kila moja kwenye mstari wake, juzuu 16, toleo 1, ukurasa wa 5 hadi 14.

Nikarudia kwa makala nyingine, na nyingine. Kufikia adhuhuri nilikuwa na 40.

Kisha ndani ya Word nikaweka kishale mahali pa rejeo la kwanza, nikaandika jina la mwandishi, nikachagua makala, na [1] ikatokea. Nilipomaliza yote nikaiambia itengeneze orodha, ikajijenga yenyewe mwishoni. Nikakumbuka ile aya. Nikaikata kutoka ukurasa wa nne nikairudisha wa tisa, nikabonyeza kitufe cha kuhuisha (Refresh), nikatazama namba. Zilijipanga upya zote, ndani ya sentensi na kwenye orodha, kabla sijanyanyua mkono kwenye kipanya. Nikaihamisha tena mbele, nikahuisha. Zikajipanga tena. Nilifanya hivyo mara nne au tano, na machozi yalikuwa yananilenga.

Mitindo yenyewe iko tayari. Zotero inatumia lugha ya pamoja ya kuelezea mitindo iitwayo CSL, na hazina yake ina mitindo zaidi ya 10,000. Unatafuta jina la jarida lako, unaubofya mtindo wake, unaingia. Ukikataliwa na jarida moja na unataka kwenda kwingine, unafungua orodha ya mitindo ndani ya Word na kuchagua mwingine. Makala ile ya mwaka 1997, kwenye mtindo wa Vancouver, inaandika waandishi sita kisha “et al.”, ukihamia APA, mtindo wa jina na mwaka, toleo la saba, ambalo lilitoka mwaka 2019 na linaruhusu mpaka majina ishirini kwenye orodha, wote wanajitokeza. Jarida linalotaka jina lake lifupishwe, “Crop Prot.” badala ya Crop Protection, linafupishwa. Kazi niliyoifanya kwa siku tatu inachukua muda wa kunywa funda moja la chai.

Kama ningeishia hapa ningekuwa nimewadanganya wenzangu, kwa sababu Zotero inapanga kile ulichokiweka. Ukiweka kibaya inakipanga kibaya kwa mpangilio mzuri sana, na hapo ni hatari zaidi, maana orodha nadhifu haikaguliwi na mtu. Wiki ya pili nilifungua orodha yangu mpya, nikashuka taratibu, na nani yuko pale? “Tanzania, B. ya K.” Yule yule.

Safari hii nililiweka mimi. Kwenye fomu ya Zotero mwandishi ana visanduku viwili, jina la ukoo na majina mengine, nami nikavijaza vyote viwili kwa sababu vilikuwepo. Dawa yake ni kitufe kidogo sana pembeni ya jina, ambacho mtu anaweza kukaa mwaka mzima asikione. Ukikibonyeza, visanduku viwili vinaungana kuwa kimoja. Unaandika humo “Bodi ya Korosho Tanzania”, na programu inaelewa kwamba hili ni jina zima lisilokatwa. Kila wizara, kila halmashauri, kila chama cha ushirika, kila shirika la kimataifa liingie hivyo. Ukijifunza jambo moja tu kutoka kwenye maandishi haya, uwe kitufe hicho.

La pili ni majina yetu wenyewe. Huku Kusini mtu mmoja anaweza kuwa Mohamedi kwenye cheti cha shule, Mohamed kwenye makala yake ya kwanza na Mohammed kwenye ya pili, na baba yake mara awekwe kwa herufi moja, mara kwa jina zima, mara asiwekwe kabisa. Zotero haijui kwamba ni mtu mmoja. Kwenye mitindo ya jina na mwaka, ikiona watu wawili wenye jina moja la ukoo inawatofautisha kwa kuongeza herufi za mwanzo ndani ya sentensi. Niliwahi kukuta “A. Mohamed, 2015” kwenye aya moja na “A. H. Mohamed, 2018” kwenye inayofuata, nikadhani programu imeharibika, kumbe ilikuwa inaniambia kwamba maktaba yangu ina watu wawili wakati mimi namfahamu mmoja. Nilimpigia simu mwenyewe kumuuliza anataka jina lake liandikweje. Akakaa kimya kidogo, akasema hajawahi kuulizwa. Tukakubaliana, nikasahihisha makala zake zote kwenye maktaba. Pale ambapo makala imechapwa kwa tahajia nyingine na mwandishi yuko mbali, naacha kama ilivyochapwa, kwa sababu anayetafuta ataitafuta hivyo.

La tatu ni Kiswahili. Jarida moja lilitaka karibu kila neno la kichwa cha makala lianze kwa herufi kubwa, kama desturi ya majarida mengi ya Kiingereza. Zotero ikayabadili yote kwa mpigo, na vipeperushi vyetu vya Kiswahili vikatoka na “Cha”, “Ya” na “Za” zenye herufi kubwa katikati ya sentensi, vibaya machoni. Kumbe kwenye fomu kuna nafasi ya lugha ambayo wengi wetu huiacha wazi, na ikiwa wazi programu inaweza kuchukulia kwamba ni Kiingereza. Andika humo “sw”, itaacha kichwa chako cha Kiswahili kama ulivyokiandika. Siku hizi hiyo ndiyo nafasi ya kwanza ninayoijaza.

Na la nne, ambalo litawagusa wenzangu wa mimea na wadudu, ni jina la kisayansi ndani ya kichwa cha makala. Oidium anacardii, jina la kimelea cha ubwiriunga, lazima lilale. Taarifa zinazoletwa na DOI mara nyingi huja bila mlazo, kwa sababu zinakuja kama mchapishaji alivyoziandikisha. Unazungushia jina hilo alama ile ya ukurasa wa tovuti, herufi i ndogo kwenye vibano vya pembe, mwanzo na mwisho wake, na litatoka limelala kwenye kila mtindo. Ni kazi ya sekunde kumi kwa kila makala. Kwa makala 300 si kidogo, lakini unaifanya mara moja tu maishani. Kuna vichwa pia huja kwa herufi kubwa tupu kutoka kwa mchapishaji. Hivyo navibadili siku ile ile vinapoingia, kwa kuwa nikiahirisha navisahau.

Kwa hiyo utaratibu wangu uko hivi: hakuna makala inayokaa kwenye maktaba yangu bila kukaguliwa dhidi ya ukurasa wake wa kwanza. Jina, mwaka, juzuu, kurasa, lugha. Dakika moja na nusu. Nimeacha kabisa kupanga. Ninachofanya ni kukagua, tena mchana, nikiwa macho.

Sasa kuhusu intaneti, maana najua hilo ndilo swali la mtu wa Nachingwea au Liwale kabla ya yote. Unahitaji bando kupakua programu na kuvuta taarifa za DOI. Baada ya hapo maktaba iko kwenye kompyuta yako, na Word inaongea nayo bila mtandao. Nililijua hilo kwa vitendo Mei 2024. Kwanza kilikuja kimbunga Hidaya, mvua zikakata barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi maeneo ya Somanga, magari yakalala njiani. Zikapita siku chache, tarehe 12, nyaya za chini ya bahari zikakatika na intaneti nchi nzima ikawa ya kudokoa. Nilikuwa na marekebisho ya wahakiki mezani na tarehe ya mwisho inakaribia. Niliandika siku zile zote, nikaongeza marejeo, nikatoa, nikahamisha, na Zotero haikuniuliza mtandao hata mara moja. Makala mpya nne ambazo sikuweza kuvuta taarifa zake niliziingiza kwa mkono, nikazikagua mtandao uliporudi.

Nafasi ya kuhifadhi mtandaoni ndiyo yenye mpaka. Taarifa za marejeo zinahifadhiwa bure bila kikomo, lakini mafaili ya PDF yana megabaiti 300 tu za bure. Kwa makala za kisasa zinatosha kwa muda. Kwa ripoti za zamani ulizozipiga skani hazitoshi: moja yangu ni megabaiti 40, kwa hiyo saba tu zinajaza ghala. Ukitaka gigabaiti 2 ni dola 20 kwa mwaka. Mimi sijalipa. Nimezima upakiaji wa mafaili, nasawazisha taarifa peke yake, na kila Ijumaa nafunga programu kisha nanakili folda nzima ya Zotero kwenye diski ya nje. Folda hiyo ina kila kitu. Asiyenakili asishangae siku laptop ikiibwa kwenye basi.

Kufanya kazi na wengine kunahitaji makubaliano. Mwandishi mwenza wangu aliyeko Morogoro alisahihisha majina matatu moja kwa moja kwenye orodha ndani ya Word, kwa nia njema. Nilipohuisha marejeo, masahihisho yake yakafutika, kwa sababu orodha ile si maandishi ya kawaida. Inajengwa upya kutoka kwenye maktaba kila mara. Tukapoteza siku nzima tunatafutana makosa. Sasa tuna maktaba ya kikundi, sote wawili tunaiona, na anayeona kosa analisahihisha kule. Na kabla ya kutuma mswada kwa jarida natengeneza nakala ya pili, naikata uhusiano wake na Zotero ili namba zibaki maandishi tupu, na hiyo ndiyo natuma. Ile hai naitunza, maana wahakiki watarudi.

Kuna jambo dogo lililonisaidia mara moja tu, lakini lilitosha. Tangu mwaka 2019 Zotero inalinganisha maktaba yako na hifadhidata ya Retraction Watch ya makala zilizoondolewa na majarida. Asubuhi moja niliona alama nyekundu kwenye makala niliyokuwa nimeitegemea kwenye utangulizi. Ilikuwa imeondolewa, nami sikuwa na habari. Nikaifuta, nikaandika sentensi upya.

Zipo programu nyingine. Mendeley ni ya kampuni ya Elsevier, iliyoinunua mwaka 2013. EndNote ni ya Clarivate na ni ya kulipia. Sijazitumia vya kutosha kuzihukumu. Nilichagua kubaki na Zotero kwa sababu mwanafunzi wangu akimaliza chuo na kurudi kwao Ruangwa hatapoteza maktaba yake kwa kukosa leseni ya chuo.

Na si kila mtu anaihitaji leo. Kama unaandika taarifa ya kurasa tano yenye marejeo manane, andika kwa mkono. Tena majarida mengi sasa yanakubali mtindo wowote unaofanana mwanzo mpaka mwisho unapotuma kwa mara ya kwanza, kwa hiyo soma maelekezo ya jarida kabla ya kuhangaika. Lakini kama utaandika makala ya pili, na ya tatu, anza sasa, ukiwa na makala ishirini. Kuanza ukiwa na mia tatu, kama nilivyoanza mimi, ni msimu mzima wa kuingiza.

Mswada ule ulikubaliwa kwenye jarida la pili. Rejeo la 38 linasomeka “Bodi ya Korosho Tanzania”, maneno manne, hayakukatwa.

Kazi niliyonayo sasa ni ya maboksi. Kwenye stoo yetu kuna ripoti za miaka ya 1970 na 1980 zilizopigwa kwa taipureta, karatasi zimekuwa rangi ya chai, nyingine kwa Kiingereza, nyingine kwa Kiswahili. Hazina DOI, na ukizitafuta mtandaoni huzioni. Ndani yake kuna mabwana shamba waliopima mvua kila asubuhi na kuandika mti upi umeugua na lini, na majina yao yako kwenye ukurasa wa ndani tu, chini, kwa herufi ndogo. Binti yule alishahitimu. Amekuja mwingine, kijana wa kutoka Kilwa, na kila Jumamosi asubuhi tunakaa wawili. Yeye anasoma kwa sauti, mimi naingiza: ripoti, mwaka, mahali, lugha, kisha jina kama lilivyoandikwa. Tumefika boksi la tatu.